Trailer Park Boys: usiiache kwenye sehemu ya pili

Walioijaribu tamthilia hii ya Kanada wakaiacha hutaja sababu mbili: picha mbovu, na matusi kupita kiasi. Yote mawili ni kweli. Msimu wa kwanza, wa mwaka 2001, ulipigwa kwa kamera ya video inayobebwa mkononi. Inatikisika, mwanga ni wa jua lililokuwepo siku hiyo, na kuna nyakati uso wa mhusika unakatwa nusu. Matusi nayo yanamwagika mfululizo hadi sikio linazizima. Anayefungua sehemu ya kwanza akitarajia vichekesho vya sebule nadhifu na vicheko vya kurekodiwa, kisha akazima kabla haijaisha, hana kosa. Ila ameepua sufuria kabla maji hayajakauka.

Tunachodai hapa ni hiki: chini ya matusi hayo kuna mojawapo ya tamthilia zenye huruma kuu kwa watu maskini, na huruma hiyo haionekani mpaka uwe umeshazoea namna wanavyoongea. Kuzoea huko huchukua sehemu nne hivi. Msimu wa kwanza una sehemu sita tu, kila moja dakika 22 hadi 25. Umalize wote kabla hujatoa hukumu.

Kwanza umbo lake. Hii ni makala ya kubuni, yaani hadithi ya kutungwa inayopigwa kana kwamba wapiga picha wamewafuata watu halisi mtaani. Wahusika wanajua kamera ipo. Wanaigeukia, wanaielezea mipango yao, wakati mwingine wanaifukuza. Waliofuatilia tamthilia ya Kenya ya The Samaritans, ile ya ofisi ya shirika la misaada jijini Nairobi, wanalijua umbo hili. Tofauti ni kwamba huku hakuna ofisi. Kuna matope, magari mabovu, majiko ya kuchomea nyama na paka.

Muundaji ni Mike Clattenburg. Alianza na filamu ya nyeusi na nyeupe ya mwaka 1999 yenye jina hilohilo, ambamo kijana Julian anaambiwa na mpiga ramli wa simu kwamba atakufa karibuni, naye akaajiri wapiga picha wamfuate. Kituo cha Showcase cha Kanada kikaanza kurusha mfululizo mwezi Aprili 2001. Waigizaji wakuu ni watatu. Robb Wells ni Ricky, John Paul Tremblay ni Julian, Mike Smith ni Bubbles. Wells na Tremblay walikuwa marafiki wa siku nyingi waliowahi kuendesha biashara ya piza pamoja katika jimbo la Prince Edward Island. Smith alitoka kwenye bendi ya Sandbox. Tunayataja haya kwa sababu yanaonekana kwenye kioo: wawili wa kwanza wanagombana kama watu waliokwishagombana mara elfu nje ya kamera, na ugomvi wa namna hiyo hauandikiki kirahisi.

Jambo linalowapita watazamaji wengi wa kwetu ni maana ya mtaa wenyewe. Sunnyvale, katika jimbo la Nova Scotia mashariki mwa Kanada, ni mtaa wa nyumba za trela: nyumba ndefu nyembamba zinazotengenezwa kiwandani, zikavutwa kwa gari hadi kiwanjani. Mara nyingi mkazi anaimiliki nyumba, lakini kiwanja si chake, hivyo kila mwezi analipa kodi ya ardhi. Bila kulijua hili hutaelewa kwa nini mlevi mmoja mwenye kitambulisho cha msimamizi anaogopwa namna ile. Jim Lahey ndiye anayekusanya kodi, na Jim Lahey anaweza kumfukuza mtu na nyumba yake. Ukiwahi kuishi nyumba ya kupanga yenye vyumba kumi, choo kimoja na msimamizi wa mwenye nyumba anayechungulia kila anayeingia, tayari unaijua Sunnyvale.

Sasa wahusika. Ricky hana nyumba. Analala ndani ya Chrysler New Yorker ya mwaka 1975 inayozidi kupungua kadiri misimu inavyokwenda, na mlango wa upande wa abiria uking'oka haurudi. Hakusoma, anafoka, anaiba, na ana kipaji kimoja kisicho na mfano mtaani, cha kuotesha bangi. Julian ndiye mwenye mipango. Fulana nyeusi, misuli, na glasi ya ramu na kola ambayo haimtoki mkononi hata gari likibingirika. Itazame hiyo glasi. Haimwagiki, na hakuna anayeitaja. Watunzi hawakuacha mtu yeyote aifafanue, ndiyo maana inachekesha hadi msimu wa saba.

Bubbles ndiye anayewashika watazamaji. Miwani yake mizito inayakuza macho mpaka yanajaa vioo, anaishi kwenye kibanda cha kuwekea zana pamoja na paka wengi, na riziki yake ni toroli za supamaketi zilizotupwa. Anaziokota, anazitengeneza magurudumu, anaziuza tena kwa duka. Wazazi walimwacha akiwa mtoto. Yeye ndiye pekee kati ya watatu anayeuliza, kabla ya kila mpango, kama kuna mtu atakayeumia. Ukisoma maoni ya mashabiki popote pale, watu wanaosema "nililia" karibu wote wanazungumza juu ya Bubbles. Sababu iko kwenye uigizaji: Smith hamchezi kama mjinga wa kuchekwa. Anamchezea kama mtu mwenye akili timamu aliyepewa kidogo, mwenye woga mwingi wa kubaki peke yake.

Halafu Lahey, aliyechezwa na John Dunsworth. Hapa ndipo kilipo kilele cha kazi yote. Lahey alikuwa polisi. Alipoteza kazi kwa sababu ya tukio la usiku wa Halloween lililowahusisha hawa watatu wakiwa watoto, na chuki yake kwao imeanzia hapo. Amekuwa msimamizi wa mtaa, analewa, na kila hali ya hatari anaieleza kwa sitiari za mavi. Kuna upepo wa mavi unaoanza kuvuma, kuna mwewe wa mavi wanaozunguka angani, kuna tofaa la mavi lisiloanguka mbali na mti wake. Kwenye karatasi ni uchafu mtupu. Kwenye kinywa cha Dunsworth ni kitu kingine. Anaishusha sauti, anatazama mbali, anaitamka kwa uzito wa mzee anayesoma dalili za mvua. Angalia pia mwili wake anapolewa. Waigizaji wengi wa ulevi huyumba tu. Dunsworth anajitahidi kutoyumba, kama anavyofanya mlevi wa kweli, na ni juhudi hiyo inayomwangusha.

Msaidizi wake ni Randy, aliyechezwa na Patrick Roach: kifua wazi majira yote, suruali nyeupe, tumbo mbele, mkononi baga yenye jibini. Hawa wawili ni wapenzi. Tamthilia ya mwaka 2001 iliyojaa lugha ya mtaani ingeweza kulifanya hilo kuwa kichekesho cha kila siku. Haikufanya hivyo. Wakazi wanamcheka Randy kwa tumbo lake na kwa ulafi wake wa baga, ila kwamba anampenda Jim Lahey linachukuliwa kama jambo la kawaida la mtaa. Na Randy anapolia kwa sababu Jim amerudia chupa, hakuna muziki wa kukuambia ucheke.

Mashine ya hadithi inafanya kazi hivi, na ukiijua utaona ufundi. Msimu mara nyingi unaanza kwa mtu kutoka gerezani. Julian anatangaza mpango mmoja mkubwa utakaowatoa kwenye umaskini. Ricky anashika sehemu ya kazi. Bubbles anaonya. Vijana wawili, Cory na Trevor, wanatumwa kwenye sehemu yenye hatari na kubebeshwa lawama. Lahey anatazama. Mambo yanakaribia kabisa kufanikiwa, kisha yanaporomoka, na mara nyingi kuna atakayerudi ndani. Kinachoporomosha mpango ni mara chache werevu wa polisi. Kwa kawaida ni mmoja wao kukataa kumwacha mwenzake, au Ricky kutaka hatua moja ya ziada. Kwa hiyo kushindwa kwao kunatokana na tabia zao, na ndiyo maana mtazamaji hachoki ingawa anajua mwisho.

Mpango wa msimu wa pili ni mfano mzuri. Wanaupa jina Freedom 35: kuotesha bangi ya kutosha kustaafu wakiwa na miaka 35. Mkanada anacheka papo hapo, kwa sababu kampuni ya bima ya London Life ilikuwa na tangazo maarufu la Freedom 55, la kustaafu ukiwa na miaka 55. Asiyelijua tangazo hilo anapitwa na utani, lakini hapitwi na maana. Watu wasio na akiba, bima wala pensheni wameazima maneno ya watu wenye navyo, wakaupangia uzee wao kwa zao pekee wanalolijua.

Kamera nayo ni mhusika. Kwenye makala nyingi za kubuni wapiga picha husahaulika, unabaki kujiuliza ni nani hasa anarekodi chumbani usiku wa manane. Hapa hawasahauliki. Wanakimbizwa, wanaulizwa maswali, na kuna wakati mshika maikrofoni anapigwa risasi, kazi ikaendelea. Faida yake ni kubwa kuliko utani. Kwa kuwa Ricky anajua anarekodiwa, anajisifu. Kwa kuwa anasahau kwamba anarekodiwa, analia. Kupita kutoka hali moja hadi nyingine ndani ya sekunde kumi ndiko kunakotia joto ndani ya uchafu wote. Picha chafu za misimu ya mwanzo zinasaidia hilo. Zingekuwa safi, zingeonekana za kuigiza.

Utangulizi wa kila sehemu unastahili sentensi zake. Piano ya taratibu, picha za hudhurungi kama za albamu ya zamani, watoto na wazee wa mtaa wakipita. Wengi hudhani ni kejeli, ati muziki mtulivu kabla ya fujo. Sikiliza tena ukishafika msimu wa tatu. Huo ndio mlio wa tamthilia yenyewe, na fujo ndiyo iliyo juu yake.

Kwa anayetaka ushahidi wa moyo mkubwa, zipo sehemu tatu za kutazama kwa makini. Ya kwanza iko msimu wa tatu, inaitwa Closer to the Heart. Bubbles anatamani kwenda kuwaona Rush, bendi ya roki ya Kanada anayoihusudu. Ricky anashindwa kupata tiketi. Badala ya kusema samahani, anamteka mpiga gitaa wao, Alex Lifeson, ambaye ni Lifeson mwenyewe, akamleta Sunnyvale ampigie Bubbles. Ni uhalifu, ni ujinga, na ni zawadi. Ricky hajui njia nyingine ya kuonyesha upendo. Mtu aliyetekwa anapokaa na kupiga gitaa pamoja na Bubbles, sura ya Bubbles inatosha kumfanya mtazamaji asamehe kila tusi lililotangulia.

Ya pili ni Conky, msimu wa nne. Bubbles ana jino bovu na anaogopa daktari wa meno. Anakubali kwenda kwa sharti moja, waitafute karagosi yake ya utotoni iliyotupwa kwenye kinamasi. Karagosi inarudi, na kupitia kwake Bubbles anaanza kumwambia Ricky maneno makali ambayo kwa kinywa chake mwenyewe hathubutu kuyasema. Watazamaji wanaipenda kwa vichekesho. Sisi tunaiona ndiyo sehemu inayoeleza urafiki wa watatu hawa kuliko zote, kwamba mpole wa kundi ana hasira zilizokaa miaka, na wenzake wanakubali kutukanwa na mdoli ili yeye atibiwe.

Ya tatu ni kipindi maalumu cha Krismasi cha mwaka 2004, kinachorudi nyuma hadi 1997. Ricky anasimama kanisani na kuzungumza juu ya maana ya sikukuu. Maneno ni ya kilevi. Hoja ni kwamba siku hiyo ni ya kukaa na watu wako, na vitu vya kununua ni mzigo tu. Ukiweza kuitazama bila kuguswa, basi tamthilia hii si yako na hakuna haja ya kuendelea.

Lugha inahitaji maandalizi kidogo, hasa kwa aliyejifunza Kiingereza darasani. Ricky ana tabia ya kukosea misemo, na mashabiki wamezikusanya kauli zake kama vito. Ili ucheke lazima uujue msemo sahihi kwanza. Kiingereza kina msemo wa kuua ndege wawili kwa jiwe moja. Ricky anasema "get two birds stoned at once", kwa hiyo ndege hawafi tena, wanaleweshwa bangi wote wawili kwa mpigo. Badala ya kusema hali ikiwa mbaya kabisa, "worst case scenario", anasema "worst case Ontario", akataja jimbo lingine la Kanada. "Supply and demand", nguvu za soko tulizosoma kwenye uchumi, kwake ni "supply and command". Yeye haoni kosa. Walio karibu naye nao mara nyingi wanamwacha apite, kwa sababu maana imefika. Ushauri wetu: washa maandishi ya chini ya Kiingereza. Ricky anaongea haraka, lafudhi ya mashariki mwa Kanada inameza silabi, na kosa likisikika nusu halichekeshi. Usitegemee tafsiri za mashine, kwani mara nyingi hulisahihisha kosa lenyewe na kuua utani.

Kuhusu nani atazame pamoja na nani, tuseme wazi. Hii haikai sebuleni pamoja na wazazi, wakwe au watoto. Matusi hayapumziki, bangi na pombe zipo karibu kila sehemu, bunduki hulia mara kwa mara, na kuna mtoto, Trinity binti wa Ricky, anayekua katikati ya hayo yote. Tumia hedifoni, au tazama na rika lako.

Kasoro zipo na si ndogo. Wanawake wameandikwa kwa uchache. Lucy, mama yake Trinity, na rafiki yake Sarah wana waigizaji wazuri, Lucy DeCoutere na Sarah Dunsworth, lakini mara nyingi kazi yao ni kukasirika au kusubiri. J-Roc, kijana mzungu anayerapu na kuongea akijiona Mmarekani mweusi, amechezwa na Jonathan Torrens kwa ustadi, na lengo la utani ni yeye mwenyewe na kujidanganya kwake. Hata hivyo mtazamaji mweusi ana haki ya kuchoka naye mapema, na wapo wengi wanaoruka sehemu zake. Misimu ya mwanzo pia ina maneno ya kuwadhihaki mashoga ambayo hayakuzeeka vizuri, ingawa hadithi yenyewe inawatendea Lahey na Randy kwa heshima kuliko maneno hayo yanavyoashiria.

Kuna na suala la ulevi. Wapo wanaolalamika kwamba tamthilia inaufanya ugonjwa wa Lahey kuwa mchezo. Malalamiko yana uzito, hasa kwa aliyekulia nyumba yenye mlevi. Jibu letu ni kwamba misimu saba ya kwanza haikufichi gharama. Lahey anapoteza kazi, ndoa, heshima, na kila anapoacha pombe unaona mtu mpole na mwerevu aliyekuwa amezikwa. Hapo unacheka na kuumia kwa pamoja. Misimu ya baadaye inaisahau gharama hiyo mara kwa mara, inabaki na kichekesho peke yake.

Na hapo ndipo ugomvi mkubwa wa mashabiki ulipo: ya zamani au ya Netflix? Misimu ya 1 hadi 7, ya mwaka 2001 hadi 2007, iliongozwa na Clattenburg. Jumla ni sehemu 55: sita, saba, nane, nane, kumi, sita, kumi. Mwaka 2008 kikaja kipindi maalumu cha kufunga. Mwaka 2013 Wells, Tremblay na Smith walinunua haki za tamthilia, na msimu wa 8 ukatoka Netflix Septemba 2014. Misimu ya 8 hadi 12 ina sehemu kumi kila mmoja.

Wanaosema ya Netflix imepoa wana hoja tatu za kweli. Picha imekuwa safi na yenye rangi kali, kwa hiyo ile hali ya kunaswa kwenye makala imepungua. Wahusika wamezidishwa: Ricky aliyekuwa mtu asiyesoma amekuwa mtu asiyeelewa chochote, Julian ameanza kuwatumia wenzake kwa ukatili, na matukio ya uchafu wa mwilini yamechukua nafasi ya mazungumzo. Tatu ni watu waliopungua. Michael Jackson (si yule mwimbaji), aliyecheza Trevor, aliondoka baada ya msimu wa 6, na msimu wa 7 hauna Cory wala Trevor. Pengo lao linaonekana, kwa sababu mashine ya mipango ilihitaji mtu wa kubebeshwa lawama. Cory alirudi msimu wa 8 akiwa na mwenzake mpya, Jacob. DeCoutere na Torrens nao waliondoka mwaka 2016.

Wanaoutetea upande wa pili nao wasipuuzwe. Dunsworth hakupungua hata kidogo. Kila mara Lahey akiingia kwenye picha, hata katika msimu wa 10 au 11 ulioandikwa kwa haraka, mambo yanachangamka. Hukumu yetu: misimu ya 3 na 4 ndiyo kilele, wa 7 una mpango bora wa kuvusha bangi mpakani kwa treni ya kuchezea ya Bubbles, na kuanzia wa 8 unamtazama Lahey.

Mpangilio wa kutazama ni huu. Anza na msimu wa 1, usianze na filamu. Filamu ya mwaka 1999 ina thamani kwa aliyekwisha kuipenda tamthilia, lakini ni nzito na Bubbles unayemjua hayumo. Filamu ya mwaka 2006, ambayo Ivan Reitman alikuwa mtayarishaji mtendaji wake, inaianza hadithi upya kwa namna yake na haifuati matukio ya misimu, kwa hiyo ukiiweka katikati utachanganyikiwa. Iache mpaka umalize wa 7, au itazame peke yake. Kipindi cha Krismasi kinakaa vizuri baada ya msimu wa 4, ukiwa umeshawajua wote. Baada ya msimu wa 7 kiende kipindi cha mwaka 2008, halafu filamu ya mwaka 2009, Countdown to Liquor Day, inayoendeleza pale kilipoishia. Ile ya mwaka 2014, Don't Legalize It, ndiyo ya mwisho kwa Clattenburg kuongoza, na ni daraja la kukufikisha msimu wa 8. Vipindi vya safari za Ulaya na Marekani, Out of the Park, vinaweza kurukwa. Katuni ya mwaka 2019 tungeiruka kabisa, kwa kuwa uzuri wa tamthilia hii ulikuwa nyuso halisi na matope halisi.

Kwa wanaohesabu bando: Netflix ikiwekwa kwenye hali ya kubana data kwenye simu hutumia karibu GB 1 kwa saa sita. Sehemu moja ya dakika 22 inakula kama MB 60, na misimu yote saba ya kwanza, saa 21 hivi, kama GB 3.5. Picha ya misimu ya zamani haipotezi kitu kwa kubanwa, ilikuwa ya chembechembe tangu mwanzo. Orodha za Netflix hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo litafute jina kabla hujalipia mwezi. Epuka vipande vya video fupi vinavyosambaa mitandaoni. Vinakata tusi na kukuachia kelele, wakati nguvu ya Ricky au Lahey iko kwenye dakika tano zilizotangulia.

Dunsworth alifariki tarehe 16 Oktoba 2017. Msimu wa 12 ulikuwa umeshapigwa, ukatoka Machi 2018 yeye akiwemo. Ukiwa umefika huko, utazame huo polepole, sehemu moja kwa siku, na kila Lahey anaposimama pembeni ya kibanda cha msimamizi akitazama mawingu, ongeza sauti kidogo. Anaongea chini sana, na neno la mwisho la sentensi ndilo lenye kazi.